Deti ya mchana Mombasa kwa shilingi 1,200: anza na nauli

Ukiwa Mombasa na umebakiwa na shilingi 1,200 za starehe mpaka mwisho wa mwezi, bado unaweza kumpeleka mtu deti ya maana. Sharti ni moja: iwe mchana. Usiku mji huu una bei nyingine. Matatu zinapungua, wa tuktuk anakuangalia viatu kabla ya kutaja nauli, na mahali pa kuketi bila mtu kukuletea menyu ni pachache. Mchana bahari haina mlango, upepo haulipiwi, na Mji wa Kale unatembelewa kwa miguu.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu, mapenzi tunawaachia wenyewe. Lakini deti ni mojawapo ya siku ambazo hela hutoka kwenye simu vipande vipande, hamsini hapa, mia pale, mpaka jioni unaangalia salio unashtuka. Ukizifuata hela hizo moja moja utagundua kwamba chakula mara nyingi si ndicho kilichokumaliza. Kilichokumaliza ni barabara, pamoja na ule muda mliosimama kwenye jua mkiulizana, "Sasa twende wapi?" Kwa hivyo tunaanza na barabara.

Chagua upande mmoja wa mji

Mombasa ni kisiwa, na kila njia ya kutoka kisiwani ina gharama yake. Kaskazini unavuka daraja la Nyali kwenda Nyali, Bamburi, Shanzu na Mtwapa. Kusini unavuka kwa feri ya Likoni. Magharibi unapita Makupa kuelekea Changamwe na Magongo. Mpango wa "asubuhi Fort Jesus, mchana Haller Park, jioni Diani" unapendeza ukiuandika WhatsApp, lakini ukiufuata mtalipa nauli ya watu wawili mara nne au tano, na nusu ya siku mtaimaliza mkiwa kwenye foleni. Chagueni upande mmoja mkae hapo.

Kisiwani ndiko kwenye unafuu zaidi, kwa sababu vitu viko karibu karibu. Anzeni mapema, saa tatu asubuhi hivi, na mbaazi kwa mahamri. Kwa maoni yetu hiki ndicho chakula bora cha deti katika pwani yote: ni cha bei ya chini, kinashibisha, na hakuna mtu aliyewahi kuonekana bahili kwa kumnunulia mwenzake mbaazi za nazi zilizopikwa vizuri. Tena asubuhi hamjachoka, mna mengi ya kuzungumza.

Kutoka hapo ingieni Mji wa Kale. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na UNESCO ikaiorodhesha kama Urithi wa Dunia 2011, ina kiingilio. Mkiwa nacho, ingieni. Mkiwa hamna, kuta zake zinaonekana vizuri kutoka nje, hasa upande wa bahari. Fuateni Ndia Kuu mkitazama milango iliyochongwa na roshani za mbao, mpite Msikiti wa Mandhry, ambao ni wa karne ya 16, mfike Leven, palipopewa jina la manowari ya Kiingereza iliyokuja hapa 1824. Hapo kuna ngazi zinazoshuka mpaka majini. Vijana wa mtaa watawafuata wakitaka kuwatembeza. Wengine ni wajuzi kwelikweli na wanastahili malipo, ila elewaneni bei kabla ya hatua ya kwanza. Kama hamhitaji, "Ahsante ndugu yangu, tuko sawa" inatosha, semeni kwa upole na muendelee na safari.

Halafu kuna Marikiti na Biashara Street, ambazo wapangaji wengi wa deti huzisahau. Marikiti unaweza kununua kifuko cha iliki au mdalasini kwa hela ndogo, na zawadi hiyo itanukia jikoni kwa mtu wiki nzima. Maua yangekuwa yashanyauka. Biashara Street ni mtaa wa leso. Si lazima mnunue. Tembeeni duka hadi duka mkisoma majina ya leso, yale maneno yaliyoandikwa chini, kisha kila mmoja amchagulie mwenzake leso inayomfaa. Mchezo huo hauna gharama, na utamjua mtu kwa jina atakalokuchagulia haraka kuliko kwa maswali ya "unapenda rangi gani".

Jua likipanda, nunueni viazi karai na ukwaju hapo hapo mjini, mpande tuktuk mpaka Mama Ngina. Bustani hiyo ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2019. Mtaketi chini ya miti kukiwa na upepo wa bahari, na kuna tamasha ambalo halina tiketi: meli zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini hupita karibu sana na ufuo, mpaka unasoma jina lake ubavuni. Wauza madafu wapo mchana. Wa mihogo ya kukaanga na pilipili huchangamka zaidi kuanzia alasiri, kwa hivyo kama muhogo ndio uliokupeleka, sogeza saa mbele.

Upande wa kaskazini una Pirates, yaani ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, na si mbali na hapo kuna Haller Park. Hii bustani ina hadithi nzuri ya kumsimulia mtu. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti hapo 1971, mivinje ikiwa ndiyo iliyokubali kuota kwanza. Ndipo pia alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamake. Kuna kiingilio, na kuna saa maalum za kulisha twiga, kwa hivyo ulizeni kabla ya kutoka nyumbani.

Kusini, feri yenyewe ni deti ndogo. Wanaovuka kwa miguu hawalipi. Mnavuka, mnafika Likoni, mnaelekea ufuo wa Shelly, mnarudi. Epukeni asubuhi sana na jioni, wakati wafanyakazi wanapovuka, na simu ikae mfuko wa mbele mkiwa kwenye msongamano.

Bahari ina ratiba, na si yako

Watu hupanga deti ya ufuoni kwa saa ya mkononi, wakifika wanakuta bahari imekwenda zake. Maji yamerudi mbali, ufuo wote ni mwani na mawe, na aliyevaa nguo ya kuogelea anajiuliza alivaa ya nini. Nauli ishalipwa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukiangalia mwezi unaweza kukisia. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, tunaita bamvua: maji hupwa sana na kujaa sana. Siku hizo Mombasa maji huwa yametoka kabisa saa nne au saa tano asubuhi, na yamejaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo, na saa zinageuka: asubuhi ndiyo maji yamejaa, jioni yamepwa. Ukitaka uhakika, tafuta kwenye simu jedwali la maji la Kilindini, au muulize mvuvi yeyote, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Atakujibu bila kuangalia popote.

Sasa pangeni kulingana na mnachotaka. Wanaotaka kuogelea waende maji yakiwa yanajaa. Wanaotaka kutembea na kuokota makombe waende yakipwa, wakiwa wamevaa ndara zenye soli ngumu kwa sababu ya viumbe wenye miiba, na wasikanyage matumbawe. Kule Nyali, maji yakijaa sana sehemu nyingine za ufuo hubaki ukanda mwembamba wa mchanga, hamna pa kutandika leso.

Jambo jingine ni kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya minazi. Aliyekuahidi kutazama jua likizama baharini akiwa Bamburi amekudanganya, pengine bila kujua. Faida yake ni kwamba kuanzia alasiri, vivuli vya minazi vinaangukia mchangani, na mnaketi bila kukodi mwavuli. Asubuhi ufuoni hakuna kivuli hicho.

Kati ya Aprili na Septemba upepo wa kusi huchafua bahari na kuleta mwani mwingi, na Aprili na Mei ni mvua za masika. Miezi hiyo tunapendelea Mji wa Kale, maana mvua ikinyesha kuna baraza za kujibanza na kahawa tungu na kashata karibu. Siku ya Ijumaa kumbukeni maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Wakati wa Ramadhani msizunguke mitaa hiyo mkitafuna. Hamishieni deti jioni baada ya kufuturu, au mwende upande mwingine. Na mwaka mzima, Mji wa Kale ni nyumbani kwa watu. Mavazi ya heshima, na kukumbatiana mkawekee ufuoni.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Mmoja anatoka Mtwapa, mwingine Magongo, wanakutana mjini Jumamosi. Bei tunazoweka hapa ni za kielelezo. Mtaani kwako zinaweza kupanda au kushuka, ila mpangilio ndio tunaotaka uuone.

Nauli ya Mtwapa, kwenda na kurudi: 200
Nauli ya Magongo, kwenda na kurudi: 120
Mbaazi, mahamri na chai kwa wawili: 200
Viazi karai na ukwaju: 200
Tuktuk ya kwenda Mama Ngina: 150
Madafu mawili: 140
Jumla: 1,010

Zimebaki 190. Hizo usizitafutie matumizi. Ndizo zitakazokuokoa mvua ikinyesha na nauli ya matatu ikapanda ghafla, jambo ambalo kila mtu wa Mombasa analijua. Rudini kabla ya saa kumi, kwa sababu kuanzia hapo wafanyakazi wanaelekea nyumbani na kondakta anataja bei anayoiota. Kutoka Mama Ngina kurudi mjini ni mwendo wa miguu mnaouweza, hasa mkiwa bado hamjamaliza mazungumzo.

Umeona nauli pekee ni 320, na ukiongeza tuktuk ni 470? Karibu nusu ya jumla imeenda kwenye magurudumu, na hapo mmeshachagua upande mmoja tu. Ndiyo maana tunasema panga nauli kwanza, chakula baadaye. Ukitaka kuingia Fort Jesus au Haller Park, hicho kiingilio kiongeze juu ya hesabu hii, usikibane ndani yake. Bebeni vitambulisho, kwa sababu bei ya raia na ya mgeni ni tofauti na mlangoni wanaweza kuuliza. Na msimtumie mtu yeyote kiingilio kwenye namba yake ya simu binafsi, hata akiwa amevaa beji inayong'aa namna gani. Huduma za serikali hulipiwa kupitia eCitizen, Paybill 222222, na risiti inakuja na jina lake.

Ufuoni Pirates kuna watu wa ngamia, wa boti, wa maboya, na wapiga picha. Wote wanatafuta riziki, na wengi ni waungwana. Ugomvi huanzia kwenye neno moja ambalo halikusemwa. Mpiga picha anasema "picha ni hamsini tu, dada", unakubali, anapiga arobaini, kisha anakuhesabia zote. Sema mapema: "Kaka, tunataka picha tano, tutachagua sisi, na tunalipa tukishaziona." Kwa ngamia uliza kama bei ni ya mtu mmoja au wawili, na ni ya kwenda tu au mpaka kurudi. Kwa boti uliza dakika ngapi. Ukilipa baada ya kuelewana, hamtaharibiana siku.

Nani analipa, na ile nauli ya "nitumie"

Hapa ndipo deti nyingi huharibika kabla hazijaanza. Kenya nzima inajua kichekesho cha nauli: mmoja ameomba atumiwe nauli, ametumiwa, kisha simu imezimwa. Anayecheka ni asiyetumiwa wala kutuma. Kwa aliyetuma elfu moja ya mwisho wa mwezi, haichekeshi. Na kwa upande wa pili kuna mwenye kisa tofauti kabisa: alitumiwa nauli ya kwenda, akafika, mambo yakawa siyo, na akajikuta hana ya kurudi. Aliyemwita ndiye mwenye pesa, na anajua hivyo.

Ushauri wetu kwa mkutano wa kwanza ni huu. Kila mmoja aje na nauli yake ya kwenda na ya kurudi, na ile ya kurudi ikae kwenye simu yake mwenyewe. Ukiwa na nauli ya kurudi unaweza kusema "nimechoka, naenda" saa yoyote, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa maoni yetu hakuna hela nyingine katika deti iliyo muhimu kama hiyo. Kama mmoja hana uwezo, kutaneni karibu na kwake. Hilo ni jibu rahisi kuliko kutuma pesa kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Na kama umeamua kumsaidia, mrudishie nauli akishafika, pale pale stejini.

Kwa aliyetumiwa nauli: ukibadilisha nia, irudishe. Ukiamua kwenda, nauli hiyo si deni unalopaswa kulilipa kwa kitu kingine. Mtu akikukumbusha mara tatu kwamba yeye ndiye aliyekutumia, fikiria tena.

Kuhusu gharama za siku, msingojee mpaka sahani ziishe ndipo mtazamane. Jumbe mbili siku moja kabla zinamaliza mambo. Mmoja anaandika: "Jumamosi twende Mji wa Kale halafu Mama Ngina tukapunge upepo. Mimi nina mia nane, chakula ni juu yangu." Mwingine anajibu: "Sawa. Nauli yangu ninayo, na tuktuk nalipa mimi." Katika mfano wetu wa juu, wa Mtwapa analipa nauli yake 200 na chakula na madafu 540, jumla 740. Wa Magongo analipa nauli yake 120 na tuktuk 150, jumla 270, na akija na mia nne anabaki na 130 za dharura. Hakuna aliyembeba mwenzake mgongoni, na wote wanajua kiwango ni kipi.

Kuna wanaoona haya kutaja kiasi. Tunaelewa; wengi tumelelewa tukiambiwa pesa haizungumzwi mbele za watu. Ila kutotaja ndiko kunakomfanya mtu aagize samaki wa elfu mbili ufuoni huku moyo ukimdunda, kisha achukue mkopo wa simu chini ya meza. Mikopo ile inayojaza salio linapopungua ni ya kukusaidia kwenye dharura, na mingi hutoza kwa kila siku deni linapobaki. Sahani ya samaki italiwa dakika ishirini. Deni litakaa mpaka mshahara, na mshahara ukiingia linakatwa kabla hujalipa kodi ya nyumba. Mtu akikuacha kwa sababu ulimpeleka kula viazi karai, amekuokolea pesa nyingi za mbeleni.

Kulipa bila kupoteza vipande

Tenga pesa usiku uliotangulia. Kama pochi yako ya simu ina sehemu ya akiba, hamishia huko kodi, karo na kila kisichohusu Jumamosi, salio linalobaki liwe lile la deti tu. Mtu hutumia anachokiona.

Toa pesa taslimu mara moja, kama mia nne, na uombe noti ndogo. Hizi ni za matatu, tuktuk na dafu. Ada ya kutoa kwa wakala huenda kwa ngazi, kwa hivyo ukitoa mia tatu mara tatu unaweza kulipa ada mara tatu, wakati ungetoa mia tisa mara moja kwa ada moja. Kwenye duka au hoteli uliza kama kuna Till. Kwa kawaida ukilipa kwa Till mteja hakatwi ada ya ziada, lakini ukimtumia mwenye duka kwenye namba yake ya kawaida unakatwa ya kutuma. Ni hela kidogo, ndiyo, ila kidogo mara sita ni dafu.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalojitokeza. Ukiwa ufuoni jua likiwaka kwenye skrini, tarakimu moja ya Till inapotea kirahisi sana. Geuka, tafuta kivuli, soma. Kivuli hicho hicho kitaficha PIN yako, hata kwa uliyekuja naye. Kumpenda mtu si sababu ya kumwonyesha PIN, na mtu mzima hataiomba. Akitaka kupiga simu kwa simu yako, mpigie wewe namba hiyo, umpe akizungumza mbele yako.

Mwenzako akisema "nishakutumia nusu yangu", angalia salio lako, si meseji. Meseji za uongo zinatengenezwa na zinafanana sana na za kweli, ila salio halidanganyi. Na kama mtu mliyefahamiana mtandaoni wiki mbili tu anaanza kuwa na mgonjwa, simu iliyoharibika na kifurushi kilichokwama bandarini, vyote kabla hamjaonana uso kwa uso, huyo yuko kazini. Mwambie mkutane saa nne asubuhi Mama Ngina, penye watu, uje na nauli yako mwenyewe. Wengi wa aina hiyo hupotea hapo hapo. Mjulishe pia rafiki mmoja uko wapi na unarudi saa ngapi.

Bando likiisha usihangaike. Menyu ya kulipia ile unayoipiga kwa nyota na alama ya reli haihitaji intaneti, inahitaji mtandao wa kawaida wa simu na chaji. Chaji ndiyo shida: picha na jua humaliza betri upesi. Ikifika asilimia kumi na tano, acha picha. Kama nauli yako ya kurudi iko kwenye simu, itoe sasa, wakala bado yuko karibu.

Ukilipa Till isiyo yako, usiondoke. Mwonyeshe muuzaji ujumbe mara moja, kisha anzisha ombi la kurudishiwa kwa njia rasmi ya mtoa huduma wako, kwenye programu au menyu yake, kabla aliyepokea hajazitumia. Usipige namba ya "huduma kwa wateja" uliyoipata kwenye maoni ya Facebook, na usimtajie PIN yeyote anayejitolea kukusaidia kuzirudisha. Wakati huo mwenzako anaweza kumlipa wa dafu kwa zile 130.